Kura za Mzee Hapana

Sajini Nyundo hakupewa jina hilo kwa kupenda useremala. Inspekta aliposukuma mlango wa chumba cha mahojiano alimkuta amevua shati, jasho linamtiririka mgongoni, na mbele yake dereva wa marehemu amefungwa kwenye kiti kwa mkanda wa suruali yake mwenyewe. Jicho moja la dereva lilikuwa limevimba likafumba. Vidole viwili vya mkono wa kushoto vilikuwa vimegeukia upande ambao vidole havigeukii. Sakafuni, kando ya ndoo ya maji, palikuwa na jino.

"Leo tutajua mbivu na mbichi," Nyundo alikuwa akimwambia bila hasira yoyote, huku akijipangusa uso. Hilo ndilo lililomchukiza Inspekta kuliko kipigo chenyewe. Mtu huyu alipiga watu kama wengine wanavyofua nguo.

"Sajini, nani kakuruhusu?"

"Mkuu wa kituo, afande. Anataka maungamo kabla jua halijazama. Umewaona walioko getini?"

Alikuwa amewaona, alilazimika kupita katikati yao. Mbunge aliyeuawa jana alasiri nyumbani kwake aliitwa Mzee Hapana, kwa sababu kwa miaka mingi kila mara Rais alipopeleka ombi bungeni, liwe la waziri mpya, la fedha za ziada za Ikulu au la kuongeza muda wa hali ya hatari, yeye alisimama akalipinga. Kisha jana asubuhi chama cha mawakili kikachapisha rekodi ya jinsi kila mbunge alivyopiga kura kwenye maombi hayo ya serikali, na kwenye jina la Mzee Hapana, tangu mwaka juzi, kukawa na Ndiyo tupu. Kufikia adhuhuri watu wa jimbo lake walikuwa wakichoma picha zake barabarani. Leo walewale walikuwa getini na mawe na dumu la petroli, wakitaka kumchoma aliyemuua. Inspekta alikuwa ameacha siku nyingi kuwashangaa binadamu.

"Ushahidi wako ni upi?" aliuliza.

"Spana ya magurudumu iliyompasua mzee kichwa ni ya gari analoendesha huyu. Damu ya mzee iko kwenye shati la huyu. Mzee alikula pesa za Ikulu, siri ikafichuka, Ikulu wakamtuma huyu amfunge mdomo. Unataka nini tena?"

"Ulikwenda kuliangalia gari?"

Nyundo alianza kuvaa shati lake.

"Mimi natoka huko," Inspekta alisema. "Liko uani juu ya jeki, gurudumu moja halipo. Spana ilikuwa imelala chini, mbele ya mlango, kwa yeyote apitaye. Mfungue."

Alichuchumaa akamnywesha dereva maji kwa kikombe cha bati. Maji yaliingia safi yakarudi mekundu kikombeni.

"Gurudumu lilikuwa wapi?"

"Kwa fundi wa pancha," dereva alisema. Maneno yalimtoka taratibu, yakipita penye pengo la jino. "Muulizeni, nilikuwa kwake. Niliporudi nikamkuta mzee chini, kafunikwa shuka. Nikamwinua. Ndiyo hiyo damu. Afande, mimi yule mzee nimuue kwa lipi? Ndiye aliyeniokota. Baada ya ajali yake pale makutano ya soko, alipopita taa nyekundu mchana kweupe akamvunja mtu wa pikipiki mguu, akaapa hashiki usukani tena. Ndipo nikapata kazi."

"Alikuwa mlevi?"

"Hata tone. Na taa nyingine zote mjini alikuwa hakosei. Zile za soko tu. Zimefungwa kwa kulala, hazikusimama kama nyingine."

Inspekta hakuona maana ya jambo hilo, ila alilihifadhi. Alikuwa na tabia ya kuhifadhi takataka, mama yake alikuwa akimsema hivyo tangu utotoni. Alisimama, akamnyooshea Nyundo kidole. "Huyu asiguswe mpaka nirudi. Akitaka kujikuna, mkune wewe."

Nyundo alicheka. Dereva hakucheka.

Njiani kuelekea bungeni Inspekta aliitazama tena karatasi aliyopewa na daktari, sasa ikiwa ndani ya mfuko wa plastiki. Asubuhi, katika chumba cha maiti, daktari alilazimika kutumia koleo kuitoa. Ilikuwa imesindiliwa kinywani mwa marehemu mpaka kooni, meno ya mbele yakavunjikia ndani. Ilikuwa ni ile rekodi ya mawakili. Upande wa kushoto wa kichwa haukuwepo tena; mpigaji aliendelea kupiga muda mrefu baada ya kazi kwisha. Lakini mtu huyohuyo, alipomaliza, alimfumba marehemu macho, akamnyoosha miguu, akaenda chumbani kuleta shuka akamfunika. Mezani palikuwa na vikombe viwili vya chai. Muuaji wa kukodiwa hanywi chai, wala hanyooshi maiti miguu.

Kulikuwa na mambo mengine mawili. Soksi moja ya marehemu ilikuwa nyekundu, Inspekta akadhani ni damu, mpaka alipoona ya pili ni ya kijani. Na kati ya kura zote zilizoandikwa kwenye ile karatasi, ni tatu tu zilizopigiwa mstari: zile za kuongeza muda wa hali ya hatari. Mstari wenyewe ulikuwa mnene na bapa. Haukuwa wa kalamu.

Fundi wa mitambo ya bunge alimpeleka ukumbini huku funguo zikimlia kiunoni. Ukumbi ulikuwa mtupu, una harufu ya zulia jipya. Alimwonyesha kiti cha Mzee Hapana, safu ya tatu, na Inspekta akakaa.

"Watu wanasema alinunuliwa," fundi alisema. "Mimi nilimjua tangu naanza kazi hapa. Hakuwahi kunywa soda ya mtu. Lakini mashine haina chuki na mtu, afande. Kila mmoja anabonyeza kwa kidole chake mwenyewe."

"Hizo Ndiyo zilianza lini?"

"Mwaka juzi, tulipopata mitambo hii mipya."

"Kabla ya hapo?"

"Hapana, Hapana, Hapana. Ndiyo jina likaja."

"Naomba unitolee kura zake nyingine, zisizohusu serikali. Mawakili hawakuzichapisha."

Fundi alienda kwenye chumba chake cha vioo juu ya ukumbi, akarudi akijikuna kisogo. "Hapa pana kioja. Ile hoja ya visima vya maji, aliileta yeye mwenyewe. Alisimama hapa akaitetea mpaka sauti ikakauka. Kisha akapiga Hapana. Akaipinga hoja yake."

"Nani anamlipa mbunge akatae visima vyake?"

"Hayupo."

Inspekta alitazama mezani mbele yake. Palikuwa na vitufe viwili vikubwa, kimoja chekundu na kimoja cha kijani, bila neno lolote juu yake. "Ya zamani ilikuwaje?"

"Ilikuwa imeandikwa. Ndiyo kushoto, Hapana kulia. Hii imetoka nje, haina maandishi, rangi tu. Nyekundu imekaa kushoto, kijani kulia."

"Mlipobadilisha mliwaambia?"

"Tuwaambie nini, afande? Kijani ni Ndiyo, nyekundu ni Hapana, hata mtoto anajua. Na matokeo yanatokea pale ukutani, jina la kila mtu kwa rangi yake. Mbunge akikosea ataona; kila mmoja hutafuta jina lake tu."

Inspekta aliangalia ubao mkubwa ukutani, kisha akakumbuka taa za soko. Taa iliyosimama, mtu anajua nyekundu iko juu, hata kama machoni mwake rangi zote mbili ni moja. Ukiilaza, umempoteza. Akafumba macho, akapeleka mkono wake wa kulia mahali mzee alipouzoesha kwa miaka yote ile. Kitufe kikalia kidogo chini ya kidole. Alipofumbua macho, taa ya kijani ilikuwa inawaka.

Kwa mara ya kwanza katika kesi ile aliona uchungu, na hakujaribu kuuficha. "Alikuwa haoni tofauti," alimwambia fundi. "Alikaa hapa mwaka mzima na zaidi, anapinga kwa mdomo na anakubali kwa kidole, na hajui."

Fundi alikaa chini kwenye kiti cha jirani bila kukaribishwa.

Mjane wa mbunge alikuwa katika chumba cha nyuma pamoja na wanawake wa ukoo, amekaa mkekani. Inspekta alivua viatu, akaamkia, akatoa pole. Kisha akaomba wabaki wawili.

"Mama, nitauliza jambo la aibu kidogo. Soksi za marehemu."

Mjane alifunika uso kwa mtandio. "Jana sikuwepo asubuhi. Nisipokuwepo huvaa hivyo hivyo, moja hivi moja vile. Nguo zake nyingine nimezishonea alama kwa ndani, soksi tu sikuziwekea. Unajuaje wewe?"

"Kwa nini alificha?"

"Alipokuwa kijana aliomba kazi ya reli. Wakampima kwa vitambaa vya rangi, wakamcheka mbele za watu, wakamfukuza. Tangu siku hiyo hakutaka mtu ajue, angalau mtu wa nje. Alikuwa akisema, mbunge kipofu nani atamfuata?"

Inspekta alimwonyesha karatasi, akiwa ameikunja ili damu isionekane. "Hizi tatu, za hali ya hatari. Nani katika watu wenu zilimuuma kuliko nyingine?"

Mjane alizifuata kwa kidole juu ya plastiki. Alipojibu, sauti yake ilikuwa imepungua. "Shemeji yangu, mdogo wake marehemu. Mwanawe alikamatwa siku za hali ya hatari, akapigwa na askari mpaka akafa. Mume wangu aliapa kaburini kwamba maadamu yu hai, mkono wake hautakubali jambo hilo kamwe. Usiniulize zaidi, mwanangu. Nina maiti mmoja tayari, sitaki wa pili."

"Shemeji yuko wapi?"

"Karakanani kwake. Ni seremala. Ndiye anayetengeneza jeneza."

Karakana ilikuwa ni mabati manne na nguzo, wazi upande wa barabara. Jeneza lilikuwa limewekwa juu ya vitegemezi vya mbao, limekamilika isipokuwa kifuniko. Seremala alikuwa akipiga randa ubao wa mwisho, mtu mwembamba mwenye mikono mikubwa. Nyuma ya sikio alikuwa na penseli bapa ya kazi.

"Pole na msiba, fundi."

"Tumeshapoa."

"Niazime penseli yako."

Alimpa. Inspekta alipiga mstari kwenye kipande cha mbao, mnene na bapa, akakiweka kando ya karatasi ndani ya plastiki. Seremala alitazama vyote viwili, akaendelea na randa. Maranda yalimwangukia miguuni.

"Nilijua mtakuja," alisema. "Nilitaka nimalize hili kwanza. Wa madukani wanaweka misumari hovyo."

"Kuna mtu anavunjwa vidole kituoni kwa ajili yako."

Randa ilisimama. "Yule dereva? Hahusiki hata kidogo."

"Basi niambie."

"Nilimuuliza swali moja tu. Kaka, ulipiga nini? Akasema, Hapana, mdogo wangu, unajua. Nikamwekea karatasi mezani. Akasema karatasi inasema uongo. Tena alitabasamu, afande, akanimiminia chai. Mwanangu walimkanyaga tumbo mpaka likapasuka, nilimwosha kwa mikono hii. Nikatoka nje nivute hewa. Spana ilikuwa pale chini." Alipangusa mdomo kwa kiganja. "Kila nilipompiga alisema, Nilibonyeza Hapana. Hakusema nisamehe, hakuita mtu. Nilibonyeza Hapana, basi. Ndipo nikamtia karatasi mdomoni, kwa sababu nilishindwa kuvumilia ule uongo."

Inspekta angeweza kumfunga pingu pale na kuondoka, na mara nyingi baadaye alijiuliza kama isingekuwa heri. Lakini ukweli ulikuwa wa marehemu, na hakuwa na haki ya kumnyima.

"Vile vitufe vilibadilishwa," alisema. "Zamani Hapana ilikuwa kulia, imeandikwa. Vipya havina maandishi, ni rangi tu, na Hapana imehamia kushoto. Kaka yako aliendelea kubonyeza kulia. Hata visima vyake mwenyewe amevikataa bila kujua."

Seremala alimtazama kama mtu anayesubiri mwisho wa maelezo. Kisha mwisho ukamfikia wenyewe.

"Nyanya," alisema.

"Nini?"

"Mama alikuwa akimtuma bustanini achume nyanya. Anarudi na kikapu, nusu mbivu, nusu mbichi. Tunamcheka mpaka analia. Mimi ndiye niliyekuwa nikimcheka kuliko wote." Alishika ukingo wa jeneza. "Nilijua. Nimejua tangu nina miaka mitano. Na jana sikukumbuka."

Inspekta aliuona mkono ukiinuka na akachelewa. Seremala aliweka kiganja chake cha kulia juu ya ule ubao wa kifuniko, akakipiga kwa nyundo kwa nguvu zake zote, kisha tena. Mifupa ililia. Inspekta alimrukia wakaanguka pamoja kwenye maranda, akamnyang'anya nyundo akaitupa barabarani. Mtu yule hakupiga kelele. Alilala chali, mkono ukichuruzika damu juu ya kifua chake, anatazama bati.

Simu ya Inspekta ikaita. Alikuwa koplo wa zamu, anapumua kama anayekimbia. "Afande, rudi. Mkuu ametoka hadi getini akatangaza kwamba dereva amekiri. Sasa wanang'oa geti."

"Amekiri nini? Nilisema asiguswe."

"Amekiri, afande. Sajini anayo karatasi."

Seremala alikuwa amesikia. Aliinuka mwenyewe, akaufunga mkono kwa kitambaa cha kupangusia mbao, akatangulia kuingia kwenye gari.

Walikuta geti liko chini. Askari walikuwa wamejifungia ofisini, Mkuu wa kituo akiwa wa kwanza wao, na katikati ya barabara watu walikuwa wakimburuta dereva, waliyemtoa mahabusu, kwa miguu, kichwa kinagonga lami. Mmoja alimvika tairi shingoni. Harufu ya petroli ilifika ndani ya gari kabla hawajasimama.

Inspekta alitoa bastola. Seremala alimtangulia tena. Alipanda juu ya boneti, akainua ule mkono uliosagika ili wote wauone.

"Muacheni. Aliyemuua kaka yangu ni mimi."

Walimjua. Kelele zilikatika safu kwa safu, mbele kwanza kisha nyuma.

"Nilimuuliza alipiga nini, akaniambia Hapana, sikumwamini. Alikuwa anasema kweli. Macho yake hayakujua nyekundu na kijani, nao walihamisha vitufe, akabonyeza palepale pa siku zote. Hakuwasaliti. Nyinyi mlichoma picha yake, mimi nikamuua."

Mtu alipaza sauti kutoka nyuma, "Karatasi inasema Ndiyo!" lakini hakuna aliyemuunga mkono. Kisha jiwe la kwanza likaruka. Lilimpata seremala juu ya jicho, naye hakujikinga. La pili lilimvunja pua. Inspekta alipiga risasi hewani, akapiga tena, watu wakatawanyika wakikanyagana, wakiacha ndala na dumu lililolala linamwaga petroli. Alimshusha seremala kwenye boneti akamfunga kwa pingu mkono ule mzima. Kisha akapiga magoti barabarani, akalivua tairi shingoni mwa dereva kwa mikono yake miwili.

Dereva alikuwa hai. Jicho lake lililobaki lilimtafuta mtu nyuma ya Inspekta, likampata, naye akauficha mkono wake wa kushoto kwapani.

Nyundo alikuwa ametoka ndani sasa, maana barabara ilikuwa imetulia. Alishika karatasi ya maungamo, ameiweka kwenye jalada zuri. Chini kabisa palikuwa na alama ya dole gumba, ya wino uliochanganyika na kitu kingine.

"Afande, kabla hujanilaumu," alisema, "mimi sikumlazimisha. Tazama. Alibonyeza mwenyewe."

Inspekta alivua pingu ya pili kiunoni.

"Hata mheshimiwa alibonyeza mwenyewe," alisema. "Leta mikono."